Mafuta ya Jeki

Tarehe tisa Mei 2001, siku ya Jumatano, nilimpoteza kaka yangu mkubwa kwenye mteremko wa Kabasha, kati ya Butembo na Beni. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alikuwa juu ya pikipiki ya mashindano ambayo haikuwa yake, na ambayo haikuwa na kazi yoyote katika nchi yetu. Breki yake ya mbele nilikuwa nimeitengeneza mimi, siku mbili kabla.

Pikipiki ilikuwa ya Komanda. Jina lake silitaji. Wakati ule wa vita tulikuwa na makomanda wengi, kila mmoja na cheo kirefu na eneo fupi. Huyu wa kwetu eneo lake lilianzia kwenye rond-point, ule mzunguko wa barabara wa Butembo, na kuishia pale petroli ya jeep yake ilipoishia.

Pikipiki ilifika kutoka Kampala kwa njia ya Kasindi, mpakani, ndani ya lori la chumvi na sabuni, gurudumu la mbele likiwa limefungwa kando ndani ya gunia. Rangi nyekundu na nyeupe. Injini ya silinda nne, ukubwa wa mia sita, inayopozwa kwa maji, yenye kabureta nne zilizopangwa mstari mmoja kama watoto wa kwaya. Nitasema ukweli: ile injini ilikuwa nzuri. Nilipofungua kifuniko nikaona jinsi kila chuma kilivyokaa na mwenzake, niliona haya kwa bisibisi yangu. Aliyeichora alijua kazi. Lakini aliichora kwa ajili ya lami, na sisi lami tulikuwa tunaisikia kwa wazee. Injini ya namna ile inaanza kuamka pale ambapo pikipiki zetu ndogo zingekuwa zimeshapasuka. Barabarani kwetu ingetembea siku nzima kwa gia ya kwanza, maji yakichemka, tumbo lake la plastiki likisugua matuta ya udongo. Na guidon yake, yaani usukani, iko chini sana, kiasi kwamba mwenye kuiendesha anainama kama mtu anayetafuta sindano.

Komanda hakuweza kuiendesha. Alijaribu. Alitoka nyumbani kwake hadi rond-point, askari wawili wakikimbia kando yake, mmoja kulia, mmoja kushoto, ili wamshike akisimama, maana miguu yake haikugusa chini vizuri. Siku ya kwanza ilizimika mara tano. Mara ya tano aliteremka akaipiga teke, halafu akachechemea hadi jioni, na hakuna mtu aliyethubutu kucheka kabla ya kufika kwake na kufunga mlango.

Kaka yangu alikuwa dereva wa pikipiki za kukodi. Alibeba abiria na mizigo mpaka Kanyabayonga, mpaka Beni, na mara moja alifika Eringeti akiwa na kitanda kizima mgongoni mwa pikipiki, godoro likiwa juu yake na mwenye kitanda juu ya godoro. Kama madereva wote wa Butembo, alikuwa na desturi ya roue libre: ukifika juu ya mlima unazima injini, unateremka bure mpaka bondeni. Petroli ilikuwa inauzwa kwa chupa za bia, na chupa zenyewe hazikujaa. Dereva aliyeteremka Kabasha na injini inayonguruma alionwa kama mtu anayemwaga chakula.

Komanda alitaka Jumatano ile aingie Beni kupokea wageni wake. Mpango wake ulikuwa huu: yeye aende kwa jeep, pikipiki imtangulie, na wakifika mlangoni mwa mji ateremke kwenye jeep, apande pikipiki, aingie nayo mbele ya watu. Mita mia nne za fahari. Kwa ajili ya mita hizo mia nne ilibidi mtu aivushe ile mashine kilomita zaidi ya hamsini za udongo. Walimchagua kaka yangu, na mimi nikapewa kazi ya kuiweka tayari.

Ningependa kuandika kwamba alilazimishwa. Hakulazimishwa. Alifurahi kama mtoto wa Noeli. Alikwenda kuazima glovu za ngozi kwa fundi wa kuchomelea.

Mimi nina miaka mitatu ya sekondari, na ufundi niliujifunza kwenye malori ya kahawa. Atelier yangu, yaani karakana, iko mtaa wa Vulamba, hatua hamsini kutoka nyumbani kwa kaka. Nilisafisha kabureta zote nne. Nilipaka mnyororo mafuta. Nilifunga gurudumu la mbele na breki zake. Hapo ndipo nilipokwama, maana bomba la breki lilikuwa limefunguliwa Kampala, mafuta yake yote yalikuwa yamevuja njiani, na mafuta ya breki mjini hayakuwepo. Mfanyabiashara mmoja aliniambia atarudi nayo kutoka Kasindi siku ya Ijumaa. Nikapeleka habari hiyo kwa Komanda. Akajibu kwamba Jumatano iko kabla ya Ijumaa, kana kwamba mimi sikujua.

Nilikuwa na kopo la mafuta ya jeki, ile jeki kubwa ya kuinulia malori. Safi, mapya, yanang'aa.

Kaka alikuwa amekaa kwenye tairi akinitazama, na mke wake, shemeji yangu, alikuwa ametuletea chai.

"Ni mafuta gani hii?" kaka akauliza.

"Ya jeki."

"Ya jeki? Mu frein, mu breki?"

"Yaya," nikamjibu, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "jeki inainuaka lori ya tani kumi na hii mafuta. Itashindwa kusukuma vyuma mbili kidogo hivi?"

Akacheka. "Kweli weye uko ingénieur."

"Ingénieur ya miaka tatu ya secondaire," shemeji akasema, akachukua vikombe. "Muulize kwanza mutu anajua."

"Nani anajua hapa kunipita?"

Hayo nilisema mimi. Miaka imepita na ningeweza kuyaweka katika kinywa cha Komanda, na kila mtu angeniamini.

Juu ya kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, pale kwenye guidon, kulikuwa na maandishi ya Kiingereza, mistari miwili. Nilichoweza kusoma ni namba nne peke yake. Mwisho wa barabara yangu kulikuwa na kizuizi cha askari wa Uganda, watu waliozungumza Kiingereza kutwa nzima. Ningeenda na kile kifuniko mkononi, ningerudi kabla chai haijapoa. Lakini nilikuwa nawadharau. Niliona si haki mtu aliyekuja kula kuku wetu anisomee kifuniko. Nikamimina mafuta ya jeki, nikatoa hewa, nikakaza.

Tuliijaribu mtaani, kwenye tambarare. Ilishika vizuri kuliko breki yoyote niliyowahi kugusa. Kaka aliinua kidole gumba.

Kilichotokea Kabasha nimekielewa baadaye. Ndani ya pampu ya breki mna mpira mdogo wenye umbo la kofia. Mafuta ya breki, ingawa tunayaita mafuta, si ya jamii ya mafuta ya injini wala ya jeki. Ule mpira ukikutana na mafuta ya jeki unayanywa, unavimba kama haragwe ndani ya maji. Na mbele yake kuna tundu dogo kama la sindano, ambalo mafuta hurudia ukiachia mkono. Mpira ukivimba unaziba tundu. Basi unaachia mkono, lakini breki haiachii. Inaendelea kusugua, inapata joto, mafuta yanapanuka kwa lile joto, na yakipanuka yanabana zaidi, bila mkono wa mtu. Na hata yakipoa, mpira uliovimba unabaki umeyafungia humo.

Kama injini ingekuwa inawaka, angeisikia inalemewa, angesimama. Lakini alizima juu ya Kabasha kama kawaida. Na kwenye mteremko, breki inayoshika kidogo yenyewe haisumbui. Inasaidia. Namjua kaka yangu: huenda hapo juu alinisifu. Kwenye kona ya chini gurudumu la mbele lilikwama kabisa, na pikipiki ikamtupa.

Maiti yake ilirudi Jumatano ile ile jioni, ndani ya jeep ya Komanda. Alhamisi asubuhi askari waliileta pikipiki atelier kwangu, wanne wakiibeba, wakilalamika kwamba haisukumiki. Nilishika gurudumu la mbele. Halikuzunguka. Sikuhitaji kufungua kitu. Nilikaa chini kwenye lile lile tairi alilokuwa amekalia kaka.

Ijumaa ilikuwa siku ya kuzika. Familia yetu ni ya Kiprotestanti, na Komanda alijua hivyo, kwa maana tulimwambia. Alileta kreti mbili za bia. Zilikaa uani katikati ya akina mama waliokuwa wakiimba nyimbo za kanisa, hakuna aliyezigusa, hakuna aliyethubutu kuziondoa. Alivaa miwani myeusi, na mawingu yalikuwa yamefika chini kwenye mabati. Alisimama akahutubia.

"Ndugu yenu ni héros, ni shujaa," alisema. "Adui balimuvizia kwa kona, bakamuua. Lakini mulie bila kuogopa. Babili tumeshabakamata. Kesho tunabapeleka Beni."

Kila mtu pale uani alijua maana ya kupelekwa Beni na Komanda. Watu walikuwa wanapelekwa. Sikuwahi kusikia aliyerudi.

Hao wawili walikuwa wakulima, ndugu wa tumbo moja, wanaokaa chini ya ile kona. Walisikia kishindo, wakamkuta kaka bado anapumua, wakakata miti miwili, wakafunga shuka, wakatengeneza tipoyi, wakambeba mabegani kupanda mlima kuelekea kituo cha afya. Alikufa njiani. Askari waliokuwa nyuma kwa jeep waliwakuta na maiti mabegani, wakaona hapo kuna adui wa kutosha. Mke wa mmoja wao alikuwa amekuja kwa miguu mpaka kwenye kilio chetu. Alikaa karibu na ua na mtoto mgongoni. Hakuna aliyemsalimia.

Kwetu, kabla ya kwenda kaburini, watu wananyamaza na ndugu wa marehemu anasimama kueleza jinsi kifo kilivyokuja: ugonjwa ulianza lini, walikwenda wapi, alisema nini. Ni lazima. Mtu hazikwi bila habari yake. Mzee wa kanisa alisema, "Sasa mudogo ya marehemu atueleze."

Alhamisi yote nilikuwa nimejiambia nitasema maneno mafupi: alitoka, alianguka, Mungu alitoa, Mungu ametwaa. Hakuna neno la uongo hapo. Lakini nilipoinuka nilimwona yule mama karibu na ua, anamnyonyesha mtoto huku ananitazama, na maneno mafupi hayakunitoka.

Nikasema, "Hakuna adui. Frein ya ile moto, ile pikipiki, nilitengeneza miye, na nilitia mafuta mubaya. Ilikataa kuachia. Ni hiyo ilimuua."

Mtoto alikohoa.

"Huyu ana huzuni, anachanganyikiwa," Komanda akawaambia watu.

"Sichanganyikiwi, Commandant. Moto iko pale kwangu. Twendeni muione."

Walikuja. Siyo wote, lakini wengi, wanaume kwa wanawake, hatua hamsini, wakiacha jeneza na akina mama wachache. Nilikuwa nimeiweka pikipiki juu ya sanduku, gurudumu la mbele likiwa hewani.

"Zungusha," nilimwambia Komanda.

Akalisukuma kwa mkono. Akalisukuma kwa buti. Likasogea upana wa kidole, likakwama.

Nikachukua spana namba nane, nikalegeza ile skrubu ndogo ya kutolea hewa. Mafuta yakaruka. Yalimwangukia Komanda kwenye buti, ile ya kushoto. Nikaligusa gurudumu kwa kidole, likazunguka, likaendelea kuzunguka mbele ya watu wote, bila sauti. Nikafungua pampu, nikautoa ule mpira, nikajaribu kuurudisha mbele yao mahali ulipotoka. Ulikataa. Ulikuwa umenenepa.

Komanda aliitazama buti yake muda mrefu. Alikuwa na héros asubuhi, na sasa alikuwa na fundi na kopo la mafuta.

"Donc ni weye ulimuua," alisema.

"Ndiyo. Ni miye."

"Unasema mbele ya batu wote hawa?"

"Nimeshasema."

Mzee wa kanisa akasogea. "Commandant, bale babili balimubeba tu. Sasa bana kosa gani?"

Hapo niliona jinsi mtu mkubwa anavyotafuta mlango. Hakuweza kusema hajaona. Hakuweza pia kurudi nyumbani bila mtu mkononi.

"Baachilieni bale," aliwaambia askari wake. "Mubebe huyu."

Kwa hiyo sikumzika kaka yangu. Walinipitisha mbele ya jeneza, askari wawili, na nikaenda. Zile nyimbo nilizisikia nyuma yangu mpaka kona.

Nilifungwa kwenye depo ya kahawa, kwenye chumba kilichobaki na harufu ya magunia. Nilikaa siku sita. Siku ya tatu shemeji aliniletea bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kwa msiba. Askari alimruhusu aingie akae.

Hakulia, wala hakunitazama. Alisubiri nimalize kula.

"Nilikuambia uulize mutu anajua," alisema.

"Ulisema."

"Bale ba Uganda bako pale mwisho wa barabara."

"Najua."

"Kumbe unajua." Akakusanya sahani. "Ile glovu, mwenyewe alikuja kuiuliza. Nimemurudishia moja. Ingine sikuiona."

Siku ya sita walinifungulia. Si kwamba mtu alinisamehe, wala kwamba mtu alinihukumu. Wageni wa Komanda walikuwa wameahirisha safari, sasa walikuwa wanakuja kweli, na mtu mwingine wa kuitengeneza pikipiki hakupatikana. Mezani kwangu nilikuta chupa ndogo ya mafuta ya breki. Askari mmoja alikuwa ametumwa Kasindi kuileta. Alikwenda na kurudi kwa siku moja.

Niliishika ile chupa nikakaa nayo. Siku moja tu.

Niliifanya kazi. Nilipata mpira mwingine kwenye pampu ya pikipiki iliyokufa, nikaosha mabomba yote, nikamimina yale mafuta, meupe-meupe yenye rangi ya asali changa. Kabla ya kumimina nilikwenda na kifuniko mpaka kwenye kizuizi. Askari wa Uganda alikuwa kijana mwenye jino lililovunjika. Alinisomea mistari yote miwili, akanieleza kwa Kiswahili chao: tia haya ya namba nne peke yake, na yatoke kwenye chupa ambayo haijafunguliwa. Ilimchukua muda mfupi kuliko ninavyouandika hapa. Nikamshukuru. Akaniomba sigara, nami sivuti.

Safari hii waliipeleka Beni juu ya lori, imefungwa kwa kamba kama ng'ombe. Wangeweza kufanya hivyo tangu mwanzo. Sikuwepo, lakini waliokuwepo wamenisimulia: Komanda aliipanda mlangoni mwa mji, ikazimika mbele ya wageni, na askari wakamsukuma kwa nyuma mpaka mwisho, yeye ameinama kwenye guidon, miwani usoni, injini haiungurumi. Wageni walipiga makofi.

Mwezi wa nane nilikwenda Beni kutafuta vipuri, nikaiona nyuma ya nyumba moja, chini ya turubai. Haikuwa na magurudumu. Kuku alikuwa ametaga kwenye kiti. Nilisimama kidogo, nikainama nikalitazama tundu la kabureta ya kwanza. Panya walikuwa wameliziba kwa nyasi.

Mwezi wa tisa, asubuhi moja, mtu alisimamisha chukudu yake mbele ya atelier, ile baiskeli yetu ya mbao, ikiwa na magunia mawili ya viazi. Nilimtambua kwa mke wake, aliyekuwa nyuma akisukuma, mtoto yule yule mgongoni. Alikuwa mmoja wa wale ndugu wawili waliombeba kaka. Kwenye mkono wake wa kulia kulikuwa na alama ya kamba ambayo haikuwa imepotea.

Alitaka kipande cha tairi. Breki ya chukudu ni hiyo tu: kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga kwa mguu. Cha kwake kilikuwa kimekwisha. Nilimkatia kipande kizuri cha tairi la lori, nikakipigilia mwenyewe kwa misumari minne.

Wakati napigilia nilimwuliza, bila kuinua kichwa, "Kwa tipoyi, alisema kitu?"

"Alisema."

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama moto imeharibika sana." Akafikiri. "Aliuliza mara mbili. Tukamuambia hapana, iko muzima."

Mke wake akaweka mkono kwenye kikapu, akatoa glovu ya ngozi iliyokauka na kukunjamana, akaiweka mezani karibu na nyundo.

"Wasingya," nikamshukuru kwa lugha yetu.

Yeye akateremsha magunia yote mawili. Akaichukua chukudu tupu mpaka juu ya mteremko wa barabara yangu, akapanda, akateremka, akakanyaga kile kipande cha tairi. Ikasimama. Akarudi juu. Akajaribu tena. Mara ya tatu aliinua mguu na kuisukuma kidogo kwa mkono, kuona kama inaachia.

"Inaachia," alimwambia mke wake, wakapakia viazi.